Mgongo wa Mdogo Wangu na Lango la Zizi

Majina yao wote ninayo. Ninalo la baba mdogo na la wanawe watatu, la mganga wa chale na la baba yake aliyemrithisha uongo, la muuguzi, la mtu wa josho, hata la yule dume mweupe aliyekuwa akitangulia kutoka zizini. Siyaandiki. Wengine wamekufa na wameacha wajukuu wanaosoma. Wengine, kusema kweli, hawastahili kumalizia mtu wino. Nikisema "baba mdogo" ukoo wetu wote unajua ni nani, na asiye wa ukoo hana haja naye.

Nilirudi kwa mdogo wangu, huko Ushetu, mume wangu aliponichoka kule Rwamgasa. Alikuwa mchimba dhahabu. Mwanamume anayeshinda shimoni akitafuta kinachong'aa, akitoka nje hamwoni mke, anamwona muuza maandazi. Nikafunga sufuria mbili na blanketi, nikadandia lori, nikaja kwa mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno yote. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia ninavyoshuka, akamwambia mkewe, "Dada amefika. Ongeza maji kwenye chungu." Sijakaribishwa vizuri kuliko siku ile. Kwa hiyo ieleweke mapema: walipotaka kumtoa mtu huyo kwenye kaya yake, na mimi walikuwa wananitoa. Sikuwa na jiko jingine la kuinjika sufuria zangu.

Ugonjwa ulimwanza kwenye viwiko. Mabaka mekundu, juu yake magamba meupe, makavu, kama rangi ya chokaa inavyobanduka ukutani. Ukashuka magotini, ukapanda kichwani kwenye nywele, kisha ukahamia mgongoni ukajenga. Alipoamka asubuhi blanketi lilikuwa kama limenyunyiziwa unga. Wakati huo serikali ilikuwa imeshatupanga kwenye mistari ya vijiji, nyumba inatazamana na nyumba, huwezi kukohoa jirani asijue umekohoa mara ngapi. Wakamwona. Kabla jua halijazama walikuwa wameshampa jina la ugonjwa: ukoma.

Nani aliwaambia ni ukoma? Hakuna. Walijiambia wenyewe, wakajiamini. Watu wasiojua kutofautisha punda na baiskeli, siku hiyo wote wakawa madaktari.

Wanaume wetu walikula pamoja penye shikome, yaani pale mbele ya kaya panapokaa moto wa wanaume. Bakuli moja la ugali, bakuli moja la maziwa ya mgando, mikono yote humo. Siku moja nimepeleka chakula, baba mdogo akatoa ndani ya koti lake bakuli la bati, lenye ua jekundu, limemenyeka ukingoni. Akamega ugali, akauweka humo, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mdogo wangu.

"Mwanangu, kula hiki," akasema. "Si kwa ubaya."

Nimeishi miaka mingi, na sijasikia jambo jema likifuatana na maneno hayo. Na kidole alichomegea ugali kilikuwa kile kile alichokuwa akisukumia ugoro puani. Hicho hakikumtia mtu kinyaa.

Mdogo wangu akala. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kumeza. Baba mdogo alipomaliza, akajipangusa mdomo, akatoa hukumu mbele ya wote: "Tutangoja mavuno. Mavuno yakiisha, ngozi ikiwa bado hivi, tutamjengea kibanda chake ng'ambo ya josho. Akae huko na mtu wa kumpelekea chakula. Ng'ombe nitawaangalia mimi. Si kwa ubaya."

Ng'ombe nitawaangalia mimi! Hapo ndipo nilipojua ukoma wenyewe uko wapi. Baba mdogo alikuwa na mbuzi na maneno. Mdogo wangu alikuwa na ng'ombe.

Mkewe, yaani wifi yangu, alilia siku mbili, siku ya tatu akahamishia mkeka wake chumba cha watoto. Simlaumu sana. Namlaumu kiasi. Ndugu zake ndio waliotuletea mganga wa chale, mtu mfupi mwenye mkoba mkubwa, akala mbuzi wetu mzima isipokuwa pembe, akamchanja mdogo wangu chale mgongoni, kifuani na kwenye mapaja kwa wembe, akasugulia majivu. Akasema ugonjwa utatokea kwenye matundu hayo. Hapo alisema kweli kuliko alivyokusudia. Baada ya wiki mbili kila chale ikaota baka lake lenye magamba. Ngozi iliyokuwa safi ikachipua mistari mistari, kama shamba la tumbaku lililopandwa kwa kamba. Nilipomfuata nimwonyeshe kazi yake, akaniambia, kama anayemwita mama yake, "Mayu, umeona? Unatoka." Nikamsonya mpaka ulimi ukaniuma.

Ndipo nikampeleka hospitali ya misheni. Nilisoma mpaka darasa la pili, basi, lakini wapumbavu wamenifundisha mengi, na moja ni hili: ukiona wote wana hakika, kaulize pengine. Tulipanda lori la tumbaku, tukakaa juu ya marobota, yeye amejifunika shuka gubigubi kwenye jua lote hilo, nusu siku nzima ya vumbi.

Muuguzi wa ngozi alikuwa mama mnene, Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mwenye sauti ya kuitia watu waliovuka mto. Alimwambia afumbe macho, akachukua kipande cha pamba akampitishia kwenye mabaka, kwenye nyayo, kwenye vidole.

"Nikikugusa, sema."

"Hapo. Hapo. Hapo... acha, mama, unanitekenya!"

Akacheka, mdogo wangu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kulima. Muuguzi akatupa pamba. "Mwenye ukoma hatekenyeki kwenye baka," akasema. "Huu si ukoma. Hauambukizi. Unaweza kula naye, kulala naye, kuvaa shati lake kama linakutosha." Akaandika kwenye kadi, akatutajia: soriasisi.

Niliichukua ile kadi nikaisoma herufi moja moja, kama nilivyofundishwa. Ya kwanza ilikuwa P.

"Mama, hapa pana P. Mbona hukuitaja?"

"Hiyo haitajwi. Ipo tu."

Nikaona ni sawa. Ugonjwa wa kujificha hata kwenye jina lake. Huwezi kuungoja utoke, kwa sababu mlangoni kwenyewe umeweka mtu asiyesema.

Akatupa kopo la mafuta meusi yanayonuka kama lami ya barabarani, akaeleza: magamba yalainishwe kwanza kwa mafuta ya kawaida, yasibanduliwe kwa kucha, kisha dawa, asubuhi na jioni, jua la asubuhi ni zuri, asijikune, asichanjwe tena. Mdogo wangu akauliza swali analouliza kila mtu:

"Kwa siku ngapi?"

"Siku zote."

"Siku zote ndiyo ngapi?"

"Mzee, siku zote ni siku zote. Anayefuata!"

Nampenda yule mama mpaka leo, ila hapo alifanya uvivu. Alimwambia mtu neno kubwa kuliko yote, kisha akaita anayefuata. Kwenye lori, tulipokaribia kwetu, mdogo wangu akasema, "Hajui. Dawa ikiwa dawa ina siku yake ya kuisha. Hata sindano zina hesabu."

Mgongo wake hakuufikia. Wifi alisema harufu inampandisha kichefuchefu. Nikampaka mimi. Asubuhi na jioni, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, mimi nimesimama na mkono mweusi mpaka kwenye kifundo. Majirani walipita wakiziba pua. "Mama, unapaka plau lenye kutu?" akaniuliza mmoja. Nikamjibu, "Ndiyo, na nikimaliza nakuja kukupaka wewe kwenye ulimi." Shuka zikawa nyeusi, kigoda kikawa cheusi, mpaka kuku wakatukimbia. Lakini magamba yakalainika, wekundu ukafifia, na baada ya miezi miwili mgongo ukawa mgongo. Madoa yalibaki, ila ngozi ilikuwa laini ukipitisha kiganja.

Basi akafanya lile wanalofanya wote. Akalitundika kopo ukutani, akavaa shati lisilo na mikono, akaenda mnadani kuonyesha viwiko vyake kama bibi harusi.

"Mdogo wangu, dawa."

"Dada, nimepona. Utapaka nini? Utapaka afya?"

Penye shikome baba mdogo alimtazama viwiko, akalichukua lile bakuli la ua jekundu akalirudisha kotini. Aliona vibaya, lakini alilirudisha. Mdogo wangu akamega ugali pamoja na wenzake, na nikaona jinsi alivyomega, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake akakuta hakikuvunjika. Sikumkumbusha dawa tena. Na mimi nilikuwa mpumbavu siku hiyo.

Mwezi haukuisha vizuri, magamba yakarudi na jamaa zao. Bakuli likatoka kotini. Akapaka wiki tatu, yakafifia, akaacha. Yakarudi. Mara ya tatu nilipotafuta kopo nikakuta ameipaka dawa kwenye ekseli ya mkokoteni. Ekseli! Ile dawa tuliyoifuata juu ya marobota!

"Haiponyi," akaniambia. "Inafukuza tu, halafu inaita tena. Ni ya uongo kama ya yule wa chale, tofauti yake haikuomba mbuzi."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo mama yetu alimwitia fahali aliyevunja ghala. Kisha, kwa kuwa matusi hayakumfikisha popote, nikatafuta mfano. Nilijiona nina akili sana siku hiyo. Nikamwambia:

"Ng'ombe wako unawapeleka josho lini?"

"Kila Alhamisi. Unajua."

"Wakitoka, kupe wamekwisha?"

"Wanakufa."

"Na wiki inayofuata?"

"Wapo wengine."

"Umewahi kumwambia mtu wa josho kwamba dawa yake ni ya uongo? Umewahi kumuuliza josho linaisha lini?"

Akaangalia viwiko vyake, akaangalia zizi. Nikamwona anafikiri, nikaondoka nikiwa nimejaa majivuno. Nilimwambia hata wifi, "Leo nimemweleza. Ameelewa."

Ameelewa! Alhamisi ile aliswaga ng'ombe wake josho kama kawaida. Walipokwisha kutumbukia na kupanda upande wa pili, pale kwenye sakafu wanaposimama wakichuruzika, mdogo wangu, mtu mzima, baba wa watoto, alikaa nyuma ya jike la mabaka, akavua shati, akavua suruali, akachota ile dawa ya kupe kwa kopo, akajimwagia. Kichwani mpaka nyayo. Akasugua.

Mtu wa josho ndiye aliyemleta, juu ya baiskeli, amemfunga shuka lililolowa, macho mekundu, anatetemeka na kutapika. Alikuwa ameshammwagia ndoo za maji safi hata hazihesabiki, na ndivyo alivyomwokoa.

"Mama, huyu ni nani wako?" akaniuliza.

"Mdogo wangu."

"Amewahi kuwa ng'ombe?"

Nikamshika kwapani nimshushe baiskelini.

"Hii ni sumu, mama. Ng'ombe wenyewe tunawanywesha maji kwanza, wasije wakawa na kiu wakailamba. Na wana ngozi ya ng'ombe. Huyu ana ngozi ya nani?"

Usiku na mchana nilimpoza kwa vitambaa vya maji. Ngozi ilikuwa nyekundu nzima, imechubuka, inavuja. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, si wewe uliyesema josho?"

Nilisema. Nilimpa mtu wa ng'ombe mfano wa ng'ombe, nikasahau kwamba mtu wa ng'ombe haoni mfano, anaona ng'ombe. Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, lakini ile wiki nilijidharau mwenyewe kuliko wote, nikaona inavyouma.

Kijiji kilipata kitu cha kucheka mwaka mzima. Akipita, wanaume wazima wenye ndevu walilia "Mbuuu!" nyuma yake. Baba mdogo hakucheka. Alikuja kumwona na uso mrefu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Sasa na akili imeondoka. Tusingoje tena zaidi ya mavuno. Wanangu wataanza kukata miti." Na wakaanza. Nilipokwenda kisimani niliona nguzo zimelazwa ng'ambo ya josho, zimemenywa magome. Vijana hodari, wale. Zizi la baba yao lilikuwa limeinama miaka miwili bila mtu kulisimamisha.

Nilimrudisha hospitali. Muuguzi akaona ule mgongo, akashika kichwa.

"Nani kamwambia akaoge josho?"

"Mimi."

Nikaeleza yote. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akakasirika, kisha akakaa. Mara hii hakuita anayefuata.

"Dada yangu," akasema, "mtu hakumbuki dawa. Ikimuuma anakumbuka, ikipoa anasahau, na huu ugonjwa unapoa ili usahauliwe. Lakini mtu hasahau kazi yake. Mdogo wako akiamka kazi yake ya kwanza ni ipi?"

"Kufungulia ng'ombe."

"Basi," akasema. "Na dawa ikikosekana, mpake hata mafuta matupu. Mkono usisahau njia."

Alinipa mafuta ya kupoza kwanza, mpaka michubuko ilipofunga, na makopo mawili ya ile nyeusi kwa baadaye. Siku ya kuanza tena, niliamka kabla yake. Lango la zizi letu lilikuwa miti mitatu ya kupitisha. Nikachukua kigoda nikakiweka mbele ya lango, nikaegemea miti, kopo mapajani. Mdogo wangu akaja na fimbo yake.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Vua shati."

"Nifungue ng'ombe kwanza."

"Vua shati."

"Dada, wana kiu."

"Wana kiu, ndiyo. Waambie mgongo wako ndio unaowachelewesha."

Alizunguka huku, akazunguka kule. Angeweza kuniinua na kigoda changu kama gunia la pamba. Lakini mtu hambebi dada aliyembeba. Yule dume mweupe akaweka kichwa juu ya mti wa juu, karibu na sikio langu, akalia. Wengine wakamwitikia. Mstari wote wa nyumba ukasikia. Wanawake wakatoka na mafagio, "Kuna nini kwa mzee? Mbona ng'ombe hawajatoka?" Nikawajibu kwa sauti, "Hajapaka dawa!"

Akavua shati upesi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ng'ombe walitoka mgongo ukishapakwa, na jioni waliingia mgongo ukishapakwa. Ng'ombe nao ni viumbe wa mazoea, baada ya wiki chache yule dume akiniona na kopo alianza kulia mwenyewe. Siku za dawa kukosekana, na zilikuwa nyingi, maana mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni duka la kijiji, nilipaka mafuta ya ng'ombe tu. Mkono haukusahau njia. Siku aliyojaribu kuniambia amepona, nilimuuliza, "Na ng'ombe wamekwisha?" Akaona haya, akageuza mgongo.

Mavuno yakafika. Ngozi haikuwa safi, sitaki kudanganya. Viwiko vilikuwa na mabaka, goti moja, na kiunoni palibaki baka moja kama jani la tumbaku. Lakini magamba hayakuwepo ya kumwagika, na kichwani alikuwa ameota nywele. Kwa baba mdogo baka moja lilitosha. Akaja asubuhi na mapema na wanawe watatu na wanaume wengine wa shikome, kibanda kimeshaezekwa, amekuja kumhamisha. Desturi yetu anayejengewa ndiye anayelisha wajenzi, kwa hiyo wifi alikuwa jikoni tangu alfajiri anawapikia watu wanaomtoa mumewe nyumbani. Mnaona upuuzi ulipofikia?

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, mbele ya lango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe mbona bado wamo?"

"Mwenye nao hajapakwa."

"Hayo yamekwisha. Yeye anahama leo. Toka hapo niwafungulie."

"Sawa, baba." Nikasimama. Nikamnyooshea kopo. "Lakini ng'ombe hawa lango lao ni huu mgongo. Anayewataka awe anaupaka. Asubuhi na jioni. Siku zote."

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa, shati magotini, ametupa mgongo. Hakugeuka. Niliona mabega yake yamekaza.

Baba mdogo aliangalia kopo kama nimempa nyoka. Mikono akaiweka nyuma. Dume akalia, na zizi zima likaitika, na mstari wa nyumba ukaanza kufunguka milango. Nikampelekea mwanawe wa kwanza, akarudi hatua moja. Wa pili, akajikuna. Wa tatu alisema, "Mimi sijala." Mwanamume mwenye kifua kama debe! Niliwapitishia wote lile kopo, mmoja mmoja, na majina yao nikiyataja kwa sauti ili majirani wasikie nani ameogopa mafuta. Siku hiyo niliyataja.

Ndipo wifi akatoka jikoni. Unga mikononi, kanga imefungwa kifuani. Alikuwa hajaugusa mgongo wa mumewe tangu ulipoanza. Akanipokonya kopo, akatia vidole, akampaka, kuanzia shingoni mpaka kwenye lile jani la tumbaku kiunoni, mbele ya baba mkwe wake huyo na wanaume wote. Nikaona mdogo wangu ameinamisha kichwa.

"Inanuka," wifi akasema. Kisha akawageukia. "Na nyie mnanuka. Mbona tunawapikia?"

Mtu mmoja akacheka, nadhani ni yule wa tatu. Alipocheka mmoja, wengine walishindwa kukaza nyuso. Wifi akatoa miti mitatu ya lango, mmoja mmoja, kwa mikono yake myeusi, ng'ombe wakatoka wakimpita baba mdogo kushoto na kulia, yeye amesimama katikati na koti lake, bila hata ng'ombe mmoja.

Chakula nilikipeleka mimi. Nilichukua lile bakuli la ua jekundu, lililokuwa limebaki jikoni kwetu, nikaweka ugali wote humo, ukarundikana kama kichuguu, nikaliweka katikati ya shikome. "Leo vyombo vimekwisha," nikawaambia. "Lipo hili tu." Walikuwa na njaa, wamebeba nyasi za kuezeka siku nne. Yule wa tatu akanawa, akamega. Kaka zake wakamega. Mdogo wangu akamega. Baba mdogo alisema tumbo linamsumbua, akaondoka. Si kwa ubaya.

Kibanda kile tulikifanya cha mbuzi. Kilikuwa imara. Nilisema walikuwa vijana hodari.

Wanaoniuliza kama mdogo wangu alipona, nawajibu hapana, na waondoke na huruma zao. Alipaka mpaka nywele zikawa nyeupe. Kuna mwaka ugonjwa ulimpanda tena mpaka usoni, kuna miaka ulikaa kimya mgeni asijue. Wifi ndiye aliyekuwa akimpaka, mimi nikibaki na kigoda. Watu walianza kuja, mmoja mmoja, kwa aibu, kutoka vijiji vya mbali, wamejifunika mashuka gubigubi kwenye jua, kuuliza kuhusu dawa nyeusi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye baiskeli mpya, alisikiliza maelezo yote, akatikisa kichwa kama mwenye akili, kisha akauliza lile swali lao.

"Sasa mzee, na dawa yenyewe inaisha lini?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa, shati magotini, wifi anampaka. Nyuma yake dume alikuwa ameweka kidevu juu ya mti, anangoja.

"Ng'ombe wakiisha," akasema.